Jembe Lisilooshwa

Notburga Kapinga alipiga goti juu ya tuta, akachomeka sindano kwenye udongo, kisha akafumba macho. Miaka kumi na miwili ya unesi wa udongo ilikuwa imemfundisha kwamba kufumba macho hakubadilishi jibu. Alifumba tu. Mwoga naye ana desturi zake.

"Soma," alisema Shangazi Eufrasia, aliyesimama nyuma yake. "Kama ni kufa, tufe tunajua."

Sindano ilikuwa ndefu kuliko ya kufumia sweta, na haikuwa na haraka. Ilivuta pumzi ya udongo, ikahesabu vijidudu vinavyogeuza nyasi kuwa chakula, ikapeleka habari kwa Mizani. Mizani yenyewe ilikaa wapi, hakuna aliyejua. Kila shamba nchini lilikuwa na kijiti chake kilichochimbiwa katikati, vijiti vyote vikiongea na Mizani bila kupumzika, na kila shamba lilikuwa na kadi, kama mtoto wa kliniki. Kadi ya kijani, shamba zima. Ya manjano, shamba lina ugonjwa. Ya kijivu, hakuna tena cha kupima.

Kadi ya shamba la Shangazi Eufrasia ilikuwa ya manjano kwa siku ya tatu sasa. Lakini hili walilokuwamo asubuhi hii halikuwa shamba lake. Lilikuwa la jirani, lile linalofuata chini yake mlimani.

"Kijani," Notburga alisema. Akasoma tena, maana sauti yake mwenyewe hakuiamini. "Shangazi, ni kijani."

Bibi yule alikaa chini palepale kwenye tope, na kitenge chake kizuri. "Sema mara ya tatu," alisema.

Ugonjwa waliouogopa uliitwa majivu. Uliingia kwenye udongo kimyakimya, ukala kila kilicho hai ndani yake, na kukuachia kitu kama kile unachozoa mekoni asubuhi: hakishiki maji, hakishiki mbegu. Ulichukua siku tisa kujionyesha. Mabonde makubwa ya kaskazini yalikwenda hivyo kwa msimu mmoja, na njaa iliyofuata watu hawaisimulii mbele ya watoto. Tangu hapo ikawa sheria kwamba shamba lenye majivu huchemshwa. Mitambo ya mvuke hupandishwa, huchoma mabomba yake ardhini urefu wa mkono, na kuua vyote, kibaya na kizuri, kisha shamba hufungwa miaka saba. Na kwa kuwa maji huteremka, yote yaliyo chini yake hadi mtoni huchemshwa nayo. Hiyo ndiyo kanuni ya mteremko. Shamba la Eufrasia lilikuwa kileleni, na chini yake palikuwa na mashamba zaidi ya ishirini.

Mizani iliweza yote isipokuwa jambo moja: haikuwa na kidole. Bila alama ya dole gumba la nesi, hakuna shamba lililoweza kuchemshwa kabla ya siku tatu kwisha. Notburga alikuwa amelikalia dole gumba lake siku zote hizo, akibishana na ofisi.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mizani ilisomea mashamba ya tambarare. Kilimo cha ngoro haikukijua. Huku Umatengo, mlima haulimwi matuta marefu ya kushuka. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba, na wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, mpaka mlima mzima unabaki vishimo vitupu, kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila shimo hukamata maji yake na kuyanywesha hapohapo. Maji hayateremki. Ndiyo maana mababu walijisumbua.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku kumi na moja zilizopita. Kama maji yangeyabeba majivu, shamba hili lingekwisha kuwa la manjano. Nalo lilikuwa kijani.

"Basi ni shamba langu tu," alisema Eufrasia. "Moja. Walichemshe hata leo, nitawapikia na chai." Alianza kucheka, huku machozi yanamtoka. Alikuwa amemlea Notburga tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na hakuwa mwanamke wa kulia ovyo.

Wakiwa wanashikana mikono kusimama, sindano ikalia. Haikulia kwa ajili ya shamba walilokuwamo. Ilikuwa imepokea habari ya kijiti kingine, kilichogeuka dakika ileile, ng'ambo ya pili ya korongo, mahali ambapo maji ya shamba la Eufrasia yasingeweza kufika hata yangepewa ngazi.

Notburga alisoma jina la mwenye shamba. Kapinga, Notburga.

*

"Nesi Kapinga," Daktari Mshihiri, mkuu wake wa ofisi ya udongo, alisema kwenye simu, "ulinambia maji hayateremki."

"Hayateremki, daktari. Nimepima chini yake, ni kijani."

"Sawa. Nimeona. Sasa nieleze ugonjwa umeruka vipi korongo."

Notburga alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi ndogo ya kata, simu sikioni.

"Madoa mawili pande mbili za mlima," daktari aliendelea, bila ukali. "Mizani haina neno la kitu hicho ila moja: umeenea. Kesho saa sita mitambo inachemsha ntambo nzima, mlima wote pande mbili za korongo, mashamba yote thelathini na moja. Wala dole gumba lako halihitajiki tena."

"Yapo mazima mle. Mengi."

"Najua yapo. Nesi, mimi ni mtu wa mabonde ya kaskazini. Kwetu nesi alichelewesha siku nne, akisema yapo mazima mengi. Alikuwa mama yangu mzazi. Mizani inajua njia moja tu, ya maji. Kama ipo njia nyingine, nionyeshe, nami nitafunga njia hiyo niache mashamba mengine. Lakini nionyeshe kitu cha kushikika. Siyo maneno."

Simu ilipokatika, Notburga alibaki akiitazama mikono yake. Ilikuwa na malengelenge ya zamani kidogo, yaliyoanza kukauka. Malengelenge ya ngokela.

Hapo akajua.

Ngokela ni kulimiana. Mwaka huu walikuwa wanawake sita na mashamba matano: leo kwa huyu, baada ya siku tatu kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Walianzia kwa Shangazi Eufrasia kwa sababu ya umri wake. Wakaja kwa Notburga. Wakaenda kwa dada wawili wa nyumba ya Ndimbo, wanaolima shamba moja, kisha kwa Genoveva. Zamu ya mke wa Ansigar ndiyo iliyobaki. Na kwenye ntambo ile, jembe la ngokela halioshwi mpaka mzunguko umalizike. Anayeosha katikati ni kama aliyeshiba akainuka sahani ingali na mikono ya wenzake. Neno hilo lilikuwa limetoka shambani likaingia hata majumbani: mume akimtoroka mkewe, husemwa ameosha jembe.

Kwa hiyo udongo wa Eufrasia ulisafiri shingoni mwa majembe sita, ukafika kwa Notburga, ukaendelea kwa Ndimbo na kwa Genoveva, ukipokewa kwa uji na nyimbo. Kadi za hao wawili zilikuwa bado za kijani kwa kuwa siku tisa zao hazijatimia, basi. Mashamba manne. Ishirini na saba yalikuwa hayajaguswa.

Na kitu cha kushikika kilikuwepo. Udongo wa Umatengo hunata. Kwenye shingo ya jembe, pale bapa linapokutana na mpini, hujipanga tabaka juu ya tabaka, la leo juu ya la juzi. Sindano ingeweza kuyasoma na kumtaja kila mwenye shamba kwa mpangilio wake. Desturi ileile iliyowaponza ilikuwa imewatunzia ushahidi. Aliwapigia wenzake simu mmoja mmoja, kwa haraka, akiwaambia wayalete majembe yao kwa shangazi, na kwa kuwa alikuwa mkweli kuliko alivyokuwa mwerevu, aliwaeleza na sababu.

*

Alipofika kwa shangazi yake jua lilikuwa bado juu. Majembe matano yaliegemea ukuta wa jiko. Yalikuwa yanameta. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye ncha zake.

Katika maisha yake yote hakuwahi kuona majembe ya ngokela yakiwa safi kabla ya wakati. Alihisi aibu, kama aliyefungua mlango akawakuta watu wazima uchi.

"Nani alianza?" aliuliza.

"Mimi," alisema Shangazi Eufrasia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono ikiwa imelowa hadi viwikoni. "Ugonjwa umetoka kwangu. Sitaki jembe langu liwe ndilo linalowataja wenzangu. Nimelima na mama zao hawa."

"Shangazi, umewamaliza watu ishirini na saba."

"Nimeosha langu. Hawa wengine sikuwatuma."

Genoveva ndiye aliyesimama. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, na leo aliitumia kwa kazi nyingine. "Sikiliza, Notburga. Tukitajwa sisi wa mashamba manne, tunaondoka sisi tu. Wale wanabaki wanatutazama tunapakia vyungu. Miaka saba, tutarudi tukute nani anatujua? Lakini tukichemshwa wote, tunahamishwa wote, kijiji kizima, padri na mabenchi ya kanisa. Kifo cha wengi harusi. Au siyo?"

"Harusi ya nani? Kuna watoto huko chini."

"Na kwangu hakuna watoto?"

Dada wa Ndimbo walitazama moto. Mke wa Ansigar, ambaye shamba lake lingepona kama wenzake wangetajwa, alikuwa ameinamisha kichwa, hathubutu kufungua mdomo ili isionekane anajitetea. Jembe lake nalo lilikuwa safi. Huyo ndiye aliyemuuma Notburga kuliko wote.

"Na chanzo je?" Genoveva alisema, sasa polepole. "Wewe ni nesi, sheria unaijua. Walio njiani huhamishwa pamoja. Wa chanzo hupelekwa peke yake, mbali, wala hapewi tena ardhi mpaka anakufa. Unataka kumfanyia hivyo huyu aliyekulea? Tukichemshwa wote, hakuna chanzo. Hakuna anayeandikwa."

Notburga hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amehesabu mashamba, hakuhesabu shangazi yake. Alimtazama bibi yule kwenye kigoda chake, naye bibi akatazama pembeni, na ndipo Notburga alipoelewa kwamba shangazi alikuwa amekwisha kulifikiria, na alikuwa anaogopa.

"Lako liko wapi?" Genoveva aliuliza.

"Nyumbani. Nyuma ya mlango."

"Halijaoshwa?"

"Sikuwa na nafasi. Nilikuwa nawapigania."

"Basi, mdogo wangu," Genoveva alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, karibu ya kulia, "nenda kalioshe."

*

Asubuhi alilitoa jembe nyuma ya mlango, akalilaza juu ya gunia uani. Mngurumo wa mitambo ya mvuke ulikuwa umeanza kusikika kutoka barabara ya chini. Ndoo ya maji ilikuwa pale. Aliiweka mwenyewe, jana jioni, na hakuiondoa.

Alijiambia ataangalia tu kwanza, sindano akiwa ameikatia mawasiliano na Mizani. Alichomeka sindano kwenye ule udongo mkavu shingoni, akaisukuma polepole, tabaka kwa tabaka.

Genoveva. Ndimbo. Kapinga, Notburga. Ndunguru, Eufrasia.

Angeishia hapo. Lakini sindano ilikuwa haijagonga chuma, naye alikuwa mtu wa kumaliza kazi, akasukuma tena, upana wa kucha.

*Nambecha. Shamba limefungwa. Majivu, hatua ya mwisho.*

Alikaa chini.

Januari ofisi ilimtuma Nambecha, ng'ambo ya mto, ntambo iliyochemshwa mwaka juzi, akang'oe vijiti vya zamani. Kona moja mabomba yalikuwa hayajaifikia, nayo ilikuwa nyeupe. Sepetu ya ofisi ilikuwa imevunjika mpini, akachukua jembe lake. Alipomaliza alilifuta kwa nyasi, akalifuta vizuri, akaridhika. Dawa ya kuoshea ilikuwa kwenye begi, na mvua ilikuwa inakuja. Mwezi wa tatu, siku ya kwanza ya ngokela, wanawake walisema binti wa nyumba ndiye afungue shamba, naye akapiga jembe la kwanza kwenye udongo wa shangazi yake, wenzake wakapiga vigelegele.

Alikuwa amewapima watu miaka kumi na miwili. Alikuwa amewagombeza wenye viatu vichafu.

"Umelisoma?" Shangazi Eufrasia alikuwa ameingia uani bila hodi, amejifunga kanga mbili, tayari kwa safari kabla hajaambiwa.

Notburga alimwambia. Hakupamba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama kwa taabu, akalishika jembe, akatazama lile tabaka la chini kabisa, jembamba, jeupe kidogo, kama ukoko.

"Hili tu?"

"Hilo tu."

"Linatoka kwa ukucha." Alisema kama mtu anayezungumzia uchafu kwenye sufuria. "Litoe hilo moja. Yale mengine yabaki, wapone hao ishirini na saba. Chanzo waandike mimi. Mimi nimebakiza nini? Wewe una kazi, una miguu, utawapima watu. Wakikuandika wewe, watakunyang'anya vyote."

"Watakupeleka peke yako, shangazi. Jana uliogopa, nilikuona."

"Jana sikujua kuna cha kuokoa."

Aliweka jembe magotini mwa Notburga. Na Notburga, tusimfanye malaika, alitia ukucha. Udongo ulikuwa mkavu, ukaitika kirahisi. Punje moja ikadondoka juu ya gunia. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Ishirini na saba wangepona vilevile. Mzee angekufa ugenini miaka michache kabla ya siku zake, na kila mtu angesema maskini, ndivyo ilivyoandikwa.

Alitazama mikono ya shangazi yake. Kucha zake zilikuwa nyeupe, zimesuguliwa. Bibi huyu alikuwa ameosha jembe jana, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaivunja heshima yake mbele ya wenzake, kwa ajili ya aibu ambayo haikuwa yake.

Notburga aliondoa ukucha. Aliiokota ile punje kwa ncha ya kidole, akailowesha kwa mate, akairudisha mahali pake, akaibana kwa dole gumba mpaka ikashika.

Kisha aliinuka, akaipiga teke ndoo, maji yakamwagika uani.

"Mwanangu," alisema Eufrasia.

Mitambo ilikuwa imesimama chini ya mlima, mikubwa, mabomba yamenyanyuliwa. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara na vyungu vyao na mbuzi wao, wametulia kama watu wa mazishini. Genoveva alikuwepo. Alipoliona jembe begani mwa Notburga, likiwa jekundu shingoni, aliziba mdomo kwa kanga. Daktari Mshihiri alishuka garini. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na macho yalionyesha hakulala. Alinyoosha mikono miwili kulipokea jembe, na kwa kuwa sheria ilimtaka aulize mbele ya watu, akauliza.

"Limeoshwa?"

Notburga alimtazama shangazi yake, aliyekuwa anateremka taratibu nyuma yake, kisha akawatazama wenzake wa ngokela, mmoja mmoja.

"Halijaoshwa, daktari," alisema. "Soma mpaka kwenye chuma."